Kumlea mtoto mwogeleaji wa mashindano katika Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa na wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe kila wanapokutana kando ya bwawa, watoto wakiwa majini na taulo zikiwa mapajani mwao. Anayeyajibu ni mama aliyekaa katika viti hivyo kwa miaka kadhaa. Pale ambapo jibu moja linategemea lingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya kuanzia

Mimi mwenyewe sijui kuogelea. Nitamsaidiaje mtoto wangu?

Wazazi wengi wa huku kwetu wako katika hali hiyo, na watoto wao wanaendelea vizuri. Kazi ya mzazi wa mwogeleaji iko nje ya maji: kumfikisha mazoezini kwa wakati, kumlisha, kumlaza mapema, kumkinga na baridi na kumsikiliza anapotaka kuzungumza. Jinsi ya kuvuta mkono, kupiga miguu na kupumua ni kazi ya kocha. Mpaka huo ukieleweka tangu siku ya kwanza, mtoto hajikuti akipokea maelekezo mawili yanayopingana, moja kutoka ukingoni na jingine kutoka kwenye viti.

Kuna jambo moja la majini ambalo kila mzazi alijue hata kama haogelei. Ukiona mtoto anazama, usijitose ikiwa hujui kuogelea. Mwite mwokoaji au kocha, kisha lala kifudifudi ukingoni na umnyooshee fimbo, taulo au kanga aishike, au umtupie kitu kinachoelea.

Aanze mashindano akiwa na umri gani?

Uwezo hutangulia umri. Mtoto anayeogelea mita 25 bila kushika kamba wala ukuta, anayejua kugeuka na asiyetishwa na kelele za filimbi, anaweza kuanza na mashindano madogo ya ndani ya klabu au kati ya shule jirani. Mashindano ya kitaifa yanayosimamiwa na Chama cha Kuogelea Tanzania (TSA) yasubiri hadi ayatake mwenyewe na kocha akubali.

Kwa nini mtoto wangu ana muda mmoja wa bwawa la mita 50 na mwingine wa bwawa la mita 25?

Katika bwawa la mita 25 mwogeleaji hugeuka mara nyingi zaidi, na kila akigeuka huusukuma ukuta kwa miguu. Kwa hiyo mita 100 katika bwawa fupi huwa za haraka kuliko mita 100 katika bwawa refu, na nyakati hizo mbili hazipaswi kulinganishwa. Andika kila muda pamoja na urefu wa bwawa.

Kwetu kuna tatizo la ziada. Mabwawa mengi ni ya hoteli, na yalichimbwa ili wageni waburudike. Mwaka wa kwanza wa binti yangu tulifurahia muda wake wa mita 100 hadi baba mmoja, fundi ujenzi, alipoleta futi yake ndefu tukapima ukingo kwa ukingo. Bwawa lilikuwa na mita 22 na sentimita 60. Mizunguko minne aliyokuwa akiogelea ilikuwa mita 90 na kidogo, na tulipofika Dar es Salaam muda ule haukuonekana tena. Mtoto alidhani ameshuka kiwango, kumbe hakuwahi kuogelea mita 100. Pima bwawa kabla ya kuamini saa.

Je, mtoto wa huku anaweza kufika mbali bila bwawa la mita 50 karibu?

Anaweza kufika mbali kuliko wengi wanavyodhani, ingawa njia ni nyembamba. Mwaka 1988, mjini Seoul, Anthony Nesty wa Surinam alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 100 mtindo wa kipepeo kwa tofauti ya sekunde 0.01, akitoka katika nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la kiwango hicho. Ni kweli pia kwamba alimalizia kujinoa Marekani. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alipata medali 7 katika michezo ya Olimpiki ya 2004 na 2008. Watanzania nao wamefika: Magdalena Moshi alishiriki mwaka 2012 na 2016, Hilal Hemed Hilal mwaka 2016, na Collins Saliboko na Sophia Latiff walikuwa Paris mwaka 2024. Nchi ambazo waogeleaji wao hawajafikia viwango vya kufuzu huruhusiwa kuingiza mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na huo ni mlango wa kweli.

Hata hivyo, mtoto wa miaka 10 hahitaji kusikia habari za Olimpiki kila jioni mezani.

## Baridi, mwinuko na maji yenyewe

Mwezi wa Juni na Julai maji ni ya baridi mno. Aendelee na mazoezi?

Kanuni za kimataifa zinataka maji ya mashindano yawe kati ya nyuzi 25 na 28 za Selsiasi. Bwawa la wazi lisilopashwa moto Mbeya, Mafinga au Njombe haliyafikii hayo wakati wa kipupwe, hasa alfajiri. Maji hunyang'anya mwili joto haraka zaidi kuliko hewa, na mtoto mwembamba hupoa kabla ya mwenzake mnene.

Usiangalie saa peke yake, mwangalie mtoto. Midomo inageuka bluu, meno yanagongana, maneno yanakuwa machache. Ishara ninayoiamini kuliko zote ni zipu: mtoto anayetoka majini akashindwa kuifunga zipu ya koti lake mwenyewe kwa sababu vidole havimtii, alikuwa atolewe dakika kumi zilizopita. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, akawa kama anasinzia au anajibu ovyo, hiyo ni hatari. Apelekwe hospitali huku akifunikwa.

Mvue nguo zenye maji hapo hapo, mkaushe kichwa kwanza, mvalishe sweta na kofia ya sufu, kisha mpe uji wa ulezi au chai ya maziwa kutoka kwenye chupa uliyoibeba. Mazoezi yahamishiwe mchana jua likiwa kali, yafupishwe, na sehemu iliyobaki ifanyike nchi kavu. Kocha mwelewa hatakataa. Akikataa, soma jibu la swali kuhusu kuzungumza na kocha.

Mwinuko wa Mbeya unamsaidia au unamwumiza?

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko chini yake kidogo. Oksijeni ni chache kuliko pwani, kwa hiyo mita 200 na kuendelea huchosha zaidi huku, ilhali mita 50 haziguswi sana. Mtoto anayeshuka Dar es Salaam mara nyingi husema pumzi imekuwa nyepesi. Joto na unyevu wa pwani, ambao hajauzoea, humlipisha kwa upande mwingine: anachoka akiwa amekaa tu kwenye viti. Anywe maji mara kwa mara na akae kivulini kati ya mchujo mmoja na mwingine.

Bwawa linanuka klorini sana. Huo si ndio usafi?

Hapana. Harufu kali inayochoma macho hutokea klorini inapoungana na jasho na mkojo, na mara nyingi ni dalili kwamba maji yanahitaji kushughulikiwa. Mwulize msimamizi kiwango cha klorini (kisipungue miligramu 1 kwa lita) na pH (iwe kati ya 7.2 na 7.8), mtu anayelitunza bwawa lake hukujibu bila kukasirika. Kama huoni sakafu ya kina kirefu vizuri, mtoto asiingie. Na watoto wote waoge kwa sabuni na waende chooni kabla ya mazoezi.

Anaweza kufanyia mazoezi Ziwa Nyasa au mtoni?

Likizo ya Matema ni nzuri, lakini si mahali pa mazoezi. Ziwa Nyasa lina kichocho, na katika mito yetu mikubwa, Ruaha ukiwemo, kuna mamba na viboko. Ujuzi wa bwawani hauna msaada hapo. Mtoto aliyeogelea ziwani apimwe kichocho wiki kadhaa baadaye hata kama hajioni mgonjwa. Dawa ipo na inatibu.

Kuna bwawa la hoteli ambalo watoto hujizoeza kuruka upande wa kina kifupi. Ni salama?

Si salama hata kidogo. Panapokuwa na majukwaa ya kurukia, kanuni hutaka kina kisichopungua mita 1.35 kuanzia mita 1 hadi angalau mita 6 kutoka ukutani. Mabwawa mengi ya hoteli hayafikii hapo upande mfupi, na kugonga kichwa sakafuni kunaweza kuvunja shingo. Waanzie majini kwa kusukuma ukuta.

## Nyumbani

Ale nini?

Ukanda wetu umebarikiwa kuliko maduka ya virutubisho. Viazi vya Njombe, ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela na Mbarali, maharage, maziwa, mayai, dagaa na parachichi vinamtosha mwogeleaji anayekua, mradi apate vya kutosha, kwa sababu mtoto anayeogelea katika maji ya baridi hula kwa namna inayomshtua bibi yake. Kabla ya mazoezi ya alfajiri, ndizi mbivu au kikombe cha uji vinatosha. Mlo kamili uliwe saa mbili au tatu kabla ya shindano, na uwe chakula alichokizoea. Chipsi za njiani zisubiri safari ya kurudi.

Wasichana walio katika hedhi huhitaji madini ya chuma kwa wingi: mboga za majani, maharage, nyama au maini. Chai inywewe mbali na mlo, maana hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo. Unga na vidonge vya kuongeza misuli havina nafasi kwa mtoto.

Mazoezi ni saa kumi na moja alfajiri. Usingizi je?

Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Anayeamka saa kumi na nusu alfajiri alale saa moja na nusu usiku, au saa mbili na nusu kama ni mkubwa. Nyumba nyingi haziwezi hivyo kila siku: kuna kazi za nyumbani, kuna kwaya, kuna wageni. Basi punguzeni siku za alfajiri ziwe mbili kwa wiki kuliko kumwamsha mtoto mwenye macho mekundu siku tano. Nimeona watoto wakipungua kasi kwa miezi, na dawa ikawa kulala.

Darasa la Saba na Kidato cha Nne zinakaribia. Asimame?

Kusimama kabisa si lazima. Siku mbili au tatu za mazoezi mafupi humpumzisha akili na kumlindia uwezo wake hadi mtihani uishe, Septemba kwa Darasa la Saba na Novemba kwa Kidato cha Nne. Mpango uandikwe na mtoto, mzazi na kocha kwa pamoja, na kocha asiupate mlangoni kama taarifa.

## Siku ya mashindano

Tunasafiri lini kwenda Dar es Salaam?

Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na basi hutumia mchana mzima na zaidi. Iringa ni kama kilomita 500. Fika siku mbili kabla. Kila basi linaposimama, mtoto ashuke, atembee na anyooshe mabega. Chandarua kiwe kwenye begi, kwa sababu iliyo katika swali la homa hapa chini.

Nimwambie nini kabla na baada ya kuogelea?

Kabla, sema machache. Ameshafundishwa na kocha, na kichwa chake kimejaa. Mkumbushe miwani, maji na namba ya njia yake, kisha nenda ukakae.

Baada ya kuogelea ndipo wazazi tunapoharibu. Binti yangu alipokuwa na miaka 11 aliogelea mita 200 mtindo huru Dar es Salaam, akamaliza akiwa nje ya muda wake bora kwa sekunde tatu. Nilikuwa nimemrekodi kwa simu. Kwenye basi la kurudi nilimwonyesha video, nikamwonyesha pale alipolegea, nikidhani ninamsaidia. Kuanzia Mikumi hadi tulipoupanda mlima Kitonga alitazama dirishani na hakusema neno, na wiki ile akaomba asiende mazoezini. Safari iliyofuata simu ilikaa mkobani. Nilimpa taulo, nikamwuliza kama amekula, basi. Tulipofika Makambako, akiwa anatafuna hindi la kuchoma, akaanza mwenyewe: "Mama, ule ukuta wa tatu niligeuka vibaya." Alikuwa anajua. Watoto hawa huyajua makosa yao kabla ya kuvua miwani, na kinachowakosesha usingizi ni kutojua kama sisi tumekasirika.

Kwa hiyo mwache azungumze wa kwanza, hata kama itachukua kilomita 600. Akilia, alie. Usimlinganishe na mtoto wa jirani, wala usimfidie kwa ahadi ya simu mpya.

Amefutiwa matokeo na waamuzi. Nikate rufaa?

Mara nyingi mwamuzi ameona jambo dogo la kweli. Katika mtindo wa chura na wa kipepeo mikono miwili lazima iguse ukuta kwa pamoja. Katika mtindo wa chali mtoto hapaswi kugeuka kifudifudi nje ya nafasi ya kugeukia. Katika mtindo huru, chali na kipepeo, kichwa lazima kitokeze kabla ya kupita mita 15 kutoka ukutani. Na anayeanza kabla ya ishara huondolewa bila onyo la kwanza. Malalamiko hupelekwa na kocha kwa utaratibu uliowekwa, kamwe si na mzazi anayemfuata mwamuzi ukingoni. Mtoto anaweza kuona aibu ya kufutiwa matokeo ikapita kesho yake, lakini aibu ya mama kugombana mbele ya wenzake hukaa.

Nimeombwa kushika saa. Sijawahi.

Kubali. Bonyeza unapouona mwanga wa ishara ya kuanzia, kwa sababu sauti huchelewa kidogo kukufikia, na bonyeza tena mtoto anapogusa ukuta, huku umesimama juu ya ukuta wenyewe ukiutazama wima. Saa zikiwa tatu na mbili zikalingana, muda wa hizo mbili ndio unaoandikwa. Zote zikitofautiana, huchukuliwa wa katikati. Usimshangilie mtoto wako ukiwa na saa mkononi.

## Kocha, usalama na miaka ya kukua

Muda wake umegoma kupungua kwa mwaka mzima. Nimbadilishie kocha?

Kwanza mtazame anavyokua. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi karibu na miaka 12 na wavulana karibu na 14, na kwa miezi kadhaa mikono na miguu mipya humkosesha mtoto mizani aliyokuwa nayo. Aliyewahi kukua huwashinda wenzake akiwa na miaka 11, kisha wanamfikia. Huo si uvivu. Pili, angalia usingizi na chakula. Bega linalouma zaidi ya siku chache lipelekwe kwa daktari. Yakishapita yote hayo, ndipo uzungumze na kocha.

Nizungumzeje na kocha bila kuonekana ninamwingilia?

Omba nafasi nje ya saa za mazoezi, mtoto akiwa hayupo, na uje na swali: "Mwalimu, tunaomba ushauri, baridi ya wiki hii tuifanyeje?" hufungua mlango kuliko lawama. Mbinu na programu mwachie yeye. Afya, usalama, ada na ratiba ya shule ni mambo yako, na hapo una haki ya kusimama imara, hata kumrudisha mtoto nyumbani siku ambayo maji hayafai.

Nitajuaje kwamba mtoto wangu yuko salama na watu wazima wa bwawani?

Mazoezi yaonekane, bwawa lisiwe na siku ambayo wazazi hawaruhusiwi kutazama. Kocha asibaki na mtoto mmoja mahali pa faragha, asiingie chumba cha kubadilishia nguo watoto wakivaa, wala asiwe na mazungumzo ya siri ya simu na mtoto. Picha za watoto wakiwa na mavazi ya kuogelea zisisambazwe bila idhini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda, namba 116 ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Mtoto akikueleza jambo, mwamini kwanza, na usimpeleke akalirudie mbele ya mtuhumiwa.

Binti ameanza hedhi na hataki mtu yeyote ajue.

Anaweza kuendelea kuogelea akitumia kinga ya ndani (tamponi), au kupumzika siku ambazo maumivu ni makali. Uamuzi ni wake. Mama, shangazi au dada mkubwa azungumze naye mapema. Kwa kocha linatosha neno moja mlilokubaliana, bila maelezo.

## Hali za pekee

Ana mafua na mashindano ni kesho. Nimpe dawa gani?

Baadhi ya dawa za mafua na kikohozi zina efedrini au pseudoefedrini, ambazo zimewekewa kikomo wakati wa mashindano, na mitishamba iliyochanganywa hakuna ajuaye iliyomo. Mwambie mfamasia kwamba mtoto ni mwanamichezo. Mwenye pumu anaruhusiwa kuvuta salbutamoli kwa vipimo vya kawaida. Pampu yake ikae ukingoni, isiachwe garini. Mwenye homa haogelei.

Watoto wanashindana kubana pumzi chini ya maji. Si mazoezi ya mapafu?

Ni mchezo unaoua hata waogeleaji hodari. Anayepumua kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama huondoa ile hali inayomlazimisha kutafuta hewa, akazimia kimya kimya akiwa chini. Ukataze, na waeleze sababu.

Tumerudi kutoka Dar es Salaam na wiki mbili baadaye ana homa.

Mpime malaria siku hiyo hiyo. Huku juu malaria ni kidogo, hivyo watoto wetu wana kinga ndogo kuliko wa pwani, na dalili huweza kujitokeza kuanzia siku 7 hadi mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu. Usiseme ni uchovu wa safari.

Anasema anataka kuacha.

Uliza ameanza lini kuwaza hivyo. Aliyekasirishwa na shindano moja hubadilika baada ya wiki. Aliyebeba jambo hilo tangu miezi iliyopita ana sababu, na huenda sababu hiyo iko katika swali la usalama hapo juu. Mpe likizo ya mwezi yenye tarehe ya kurudi kulizungumza. Akishikilia, mwache aende, awaage kocha na wenzake vizuri, na fedha ulizotumia usizitaje.

Amechaguliwa shule ya bweni ambako hakuna bwawa.

Hili linawapata watoto wengi wazuri wa huku wakiingia Kidato cha Kwanza au cha Tano. Pumzi na kasi hupungua ndani ya wiki chache, lakini ujuzi wa majini haupotei. Kocha amwandikie mazoezi ya nchi kavu ya dakika 20: kamba, kunyanyua mwili kwa mikono, kunyoosha mabega, kukimbia. Likizo ya Juni na ya Desemba arudi bwawani kwa kupandisha umbali taratibu, na asiingizwe mashindano wiki ya kwanza. Ile ya Juni, beba chupa ya uji na kofia ya sufu.